Ziwa la Kumwitia Kaka

Kambi yetu ya kiangazi ilianza kwa sababu baba hakuwa na kaburi la kwenda. Kaka yangu mkubwa, kifungua mimba wa wazazi wangu, alizama Ziwa Tanganyika boti lilipopinduka tukikimbia vita, na hakuonekana tena. Katika ukoo wa baba, aliyepotea majini bila kuzikwa huitwa kila mwaka kutoka ufukweni na kupewa habari za nyumbani, asije akadhani amesahauliwa.

Sasa tulikuwa Birmingham. Mifereji ipo tele, lakini baba aliidharau. "Haya ni maji ya kusuuzia sahani," alisema. Aliulizia kanisani mpaka mtu akamtajia ziwa moja huko Wales. Tanganyika haikuwa, lakini kwa hesabu zake maji yote yanajuana.

Basi kila Agosti aliazima basi dogo la kanisa, tukapakia masufuria, makaa, na unga na ndagala, dagaa wakavu wa kwetu, kutoka maduka ya Coventry Road, tukaondoka mtaani kwetu Stechford kwa zogo kama tunahama. Mwaka wa kwanza mama alipokaanga zile ndagala, Waingereza wa hema la jirani walihamia mbali. Baba akafurahi kwamba tumepata nafasi.

Asubuhi, kabla ya chai, alitupanga kando ya maji, akaweka viganja mdomoni. "Mutoto wangu! Tuko wazima! Mudogo wako amepata permis ya kuendesha gari!" Mimi ndiye niliyekuwa nimepata leseni, na wavuvi wa Wales walinigeukia wote. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Baba aliikataa methali hiyo katakata, na mwanawe alipata habari zote, mpaka za bomba lililopasuka jikoni.

Mama hakushuka hata mara moja. Alibaki hemani akikoroga uji uliokwisha kuiva. Iliniudhi sana. Nilimwona ana moyo mgumu, mama gani hamwiti mwanawe?

Baba alifariki majira ya baridi yaliyopita, tukamzika hapa hapa Birmingham, udongo ukiwa mgumu kama tofali. Agosti ilipokaribia, mdogo wangu alisema yatosha, watoto wetu wanajibu kila kitu kwa Kiingereza na hawajui hata wanamwita nani. Tuligombana kwa simu mpaka nikalia. Nani sasa angemwita kaka? Wazo kwamba angesubiri mwaka mzima bila kusikia kitu lilininyima raha. Nikawashurutisha wote, tukaenda.

Asubuhi ile nilisimama mahali pa baba, nikaweka viganja mdomoni kama yeye. Sauti ikagoma. Watoto walinitazama, mmoja akanong'ona, "Is she okay?" Nikaona afadhali nianze na yule niliyemzoea. "Baba," nikaita, "baba, tumefika."

"Nyamaza."

Mama alikuwa nyuma yangu, kitenge kimefungwa kiunoni, mwiko bado mkononi.

"Baba yenu ana kaburi," alisema. "Mutu mwenye kaburi hatumuiti ku maji."

Akanipa mwiko. Akaingia ziwani na viatu vyake, hadi magotini, na maji ya Wales hata Agosti hukata mifupa. Akaita jina la utotoni la kaka, jina ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani kwetu. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayemwamsha mtoto.

"Ni mimi, mama yako. Mukono wako ulitoka mu mukono wangu, ndiyo maana sikukuja. Baba yako amekufa. Hatakuja tena kukuita huku. Mutafutane huko-huko."

Kisha akasimama pale, kichwa kimeinama upande mmoja, akisikiliza. Uji uliungua. Watoto walianza kutetemeka kwa baridi. Mama alikuwa anangoja ajibiwe, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumwambia twende.