Maji ya Mzima Sebuleni Hurlingham

Siku ile nilikuwa karibu kumpiga mtu na mwiko. Watu wa mchumba wangu walikuwa wametoka Mombasa kuja kuniposa, na kwa vile siku hizi mama anaishi kwa kakangu Hurlingham, Nairobi, kikao kikawa huko. Mimi nilifungiwa jikoni na shangazi. Anayeposwa haongei, ila kusikiliza hakuna aliyenikataza.

Mambo yalikuwa shwari hadi mjomba wa mchumba wangu alipopewa glasi ya maji. Akaonja, akakunja uso.

"Aah, maji yenu ya Nairobi ni dawa tupu! Mje kwetu mnywe maji ya Mzima. Matamu hayo!"

Wenzake wakacheka. Shangazi akaacha kukata kachumbari.

"Amesema nini huyu?"

Chemchemi za Mzima ziko kwetu, Taita. Bomba linalopeleka maji Mombasa linapita nyuma ya boma letu, na mama amezeeka akilivuka asubuhi na jioni, mtungi mgongoni, akienda kuchota maji ya matope kwenye bwawa la mbali. Na tangu baba afariki, mama ndiye wa kusema ndiyo au hapana. Nikamwomba Mungu amzibe masikio.

"Umesema maji ya wapi?" mama akauliza.

Nyamaza, mzee, nikasema kimoyomoyo. Tafadhali, nyamaza tu. Wapi!

"Mzima, mama. Huko porini tu, hakuna hata watu."

"Yesu wangu," shangazi akanong'ona.

Nikachungulia mlangoni. Mchumba wangu, ambaye nilishamweleza habari za lile bomba hadi akachoka, alikuwa anaangalia viatu vyake. Kusema kweli, nilimchukia. Si aseme kitu! Mama alikuwa ameshasimama, na kakangu anamvuta kitenge aketi. Hakuketi.

"Hao watu ndio sisi," akasema. "Maji yetu mliyachukua, na hakuna aliyekuja kubisha hodi. Huyu binti angalau mmekuja kumwomba."

Mjomba akaiweka glasi mezani polepole. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa shangazi hadi akaniambia namuumiza.

"Nitawapa," mama akasema. "Lakini siku nikisikia amelala na kiu kwenu, nitakuja kumchukua mwenyewe. Na mimi pia sitabisha hodi."