Mwendo wa Santuri za Bi Nunung

Entis Sutisna alifanya kazi miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha nyuzi huko Majalaya. Kazi yake ilikuwa kupita kati ya mashine akisikiliza ni beringi ipi imekauka mafuta. Kiwanda kilifungwa, lakini sikio halikufungwa. Ukimkaribisha kwako atakwambia feni yako inaumwa. Mkewe, Euis, alizoea kusema, "Huyu hata siku ya kumzika atatusimamisha njiani, jeneza linalia."

Mimi natengeneza saa katika soko la Cihapit, hapa Bandung, na meza yangu imegusana na yake. Yeye anafufua mashine za zamani za kupigia santuri. Anachonga vipuri visivyouzwa tena, anang'oa nyaya zilizooza na kutia mpya, na mashine ikitoka kwake huimba kuliko ilivyoimba ilipokuwa mpya. Kasoro yake ni moja tu, hajui kuishia. Umeleta ya kubadilisha sindano, utaikuta imefunguliwa hadi skrubu ya mwisho.

Bi Nunung Rohaeti alikuja Jumatatu moja ya mvua, mashine kaifunga ndani ya batiki. Sote tulimjua. Alikuwa akiimba harusini tangu sisi vijana, na hakuna aliyeimba kama yeye: taratibu, sauti ya chini, neno moja akilivuta mpaka watu wanasahau wali mdomoni. Wengi walijaribu kumwiga wakaaibika. Sasa alikuwa na miaka sitini na mitano na alifundisha wasichana nyumbani kwake.

"Mang Entis," alisema, "inagonga. Dug, dug, dug. Gurudumu la mpira limekufa. Badilisha mpira tu. Umenisikia? Sifa zako nazijua."

"Mpira tu, Bibi."

"Apa."

"Mbele za watu?"

"Hasa mbele za watu."

Akaapa. Bi Nunung akatusimulia kwamba baba yake alikuwa dereva wa mhandisi Mmarekani, na yule bwana alipofunga mizigo kurudi kwao alimwachia mashine hiyo. Baba akanunua santuri tatu, zote za mwimbaji mmoja kutoka Cianjur ambaye baadaye hakusikika tena. Nunung alikuwa na miaka kumi. Alizifuatisha santuri zile kila siku baada ya shule mpaka akawa Nunung tunayemjua.

Mpira ulibadilishwa siku ileile. Ilibaki kuifunga tu ndani ya batiki yake. Lakini Entis ana kikaratasi cha mviringo chenye mistari, anakiweka juu ya sahani inayozunguka, chini ya taa. Mwendo ukiwa sawa, mistari huonekana imesimama. Safari hii ilikuwa inarudi nyuma mbio.

Akainuka. Akakaa. Akainuka tena.

"Inachelewa," alisema.

"Kidogo?"

"Kidogo nini! Kila duru sita inaiba moja. Umeme wa Amerika unapiga mapigo sitini kwa sekunde, wetu hamsini. Puli ya mota, hiki kigurudumu kinachozungusha mpira, ilichongwa kwa umeme wa kwao. Mashine hii haijawahi kwenda sawa tangu iguse nchi hii."

"Basi iache. Umeapa."

"Nitaiachaje, nami nimeshajua?"

Siku tatu hakutulia. Alimimina kahawa akaiacha ikapoa, akamimina nyingine. Alijibu wateja kabla hawajamaliza kuuliza. Siku ya nne alikwenda kwa rafiki yake mwenye mashine ya kukereza vyuma, akarudi na puli mpya ya shaba, nene kidogo kuliko ile ya zamani. Akaifunga. Mistari ikasimama kimya. Akaweka moja ya santuri za Bi Nunung, zilizokuja pamoja na mashine.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya msichana. Nyembamba, nyepesi, yenye haraka, karibu kucheka. Mikono yangu ilisita juu ya saa niliyokuwa nimeifungua.

"Tumefanya nini?" Entis alinong'ona.

"Tumefanya? Mimi fundi saa."

Alikuwa ameshika bisibisi aichomoe puli ile tulipomwona Bi Nunung amesimama, mwavuli unachuruzika miguuni. Alikuwa amewahi siku moja kabla ya miadi.

"Huyo nani?"

"Ni santuri yako, Bibi."

"Si yangu. Huyo mtoto."

Entis akaeleza huku akigugumiza, mapigo sitini, mapigo hamsini. Bi Nunung alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo miaka yote hii nimeimba ubovu wa mashine."

"Haikuwa mbovu, Bibi. Ilikuwa ya kwingine."

"Nilikwambia mpira tu." Akageuka, akaondoka, mashine kaiacha mezani.

Wiki mbili zilizofuata Entis alikuwa si mtu wa kukaa naye. Alivunja sindano mbili, jambo nisilowahi kuliona. Alirudisha puli ya zamani, akaitoa, akaweka mpya, akaitoa. Mwishowe Euis akachoka. "Ipeleke na puli zote mbili, mwenyewe achague. Usiku kucha unanizungukia kama kuku anayetafuta pa kutaga."

Akanisihi tufuatane. Barazani kwa Bi Nunung hapakuwa na kiatu hata kimoja cha mwanafunzi.

"Nimewaambia wapumzike," alisema. "Ningewafundisha nini?"

Entis alianza kuomba radhi, akamkatiza. "Funga hiyo iliyo sawa."

Alisikiliza santuri zote tatu, pande zote mbili, macho kafumba. Ya mwisho ilipokwisha alicheka kwanza, halafu akajifuta macho kwa kanga.

"Anaimba amefiwa na mume, na haraka hiyo! Kama anayewahi soko. Maskini, hata miaka ishirini hajafika."

"Sasa yule uliyemfuatisha alikuwa nani?" niliuliza, na hapohapo nikajuta.

"Sijui," alisema. "Nilimpenda sana."

Entis akamwonyesha puli ya zamani kiganjani. "Niirudishe, Bibi?"

"Ya nini? Nyimbo nazijua."

Akaimba pale pale, bila mashine, ule wa mume aliyekufa, kwa mwendo wake mwenyewe. Sauti ilimkwama mara moja katikati, akaingoja, akaendelea.

Masomo yalianza tena wiki ile. Msichana mmoja, Imas, alipoisikia santuri alitaka kuimba kama yule wa Cianjur, mbiombio, na Bi Nunung hakumzuia. Siku hizi Imas anaitwa harusini kuliko mwalimu wake. Hilo linamuuma Bi Nunung, wala hafichi. "Watu wana haraka," husema, na anapoitwa yeye, huimba polepole zaidi ya zamani.

Entis naye, mteja akileta mashine, humuuliza kwanza: "Nikikuta jambo jingine humo ndani, nikwambie au nisikwambie?" Karibu wote husema niambie. Mzee mmoja wa Cimahi alisema usiniambie, na Entis alimrudishia mashine yake ilivyo, mkono wa sindano ukivuta kidogo kulia. Tangu mwaka jana anamtafuta mzee huyo.