Sindano za Mama

Nilichoka na miwani. Niliivaa tangu darasa la tano, mwalimu alipogundua kwamba nanakili kazi ya jirani si kwa ujanja, bali kwa sababu ubao sikuuona. Kufikia umri wa miaka arobaini na sita nilikuwa nimeikalia, nimeifunga kwa uzi, nimeiokota mtaroni na kuipangusa kwa gauni. Jasho likitoka, inateleza. Mvua ikinyesha, naona maji tu. Upepo ukivuma kutoka upande wa kiwanda cha saruji, vumbi linatua kwenye vioo hadi Tororo yote inakuwa ya kijivu. Wasionijua waliniita mwalimu, nami ni fundi cherehani, nashona sare za shule na gomesi, yale magauni marefu ya kina mama yenye mabega yaliyochongoka.

Dada yangu anayeishi Nairobi alinisumbua mwaka mzima habari za kutibiwa macho kwa leza. Nilimkatalia mpaka siku nilipokwenda Busia kununua vitambaa upande wa Kenya. Kulikuwa na mvua, pikipiki ya boda niliyopanda ikateleza, nikaanguka matopeni na kioo kimoja kikavunjika. Nikasimama pale mpakani kwa jicho moja, malori yakinguruma, nisijue foleni ya watu ni ipi. Mwanamke mmoja mwenye karai la samaki kichwani alinishika mkono akanivusha kama mtoto. Sikumwona hata sura. Jioni hiyo nikampigia dada simu, nikamwambia imetosha.

Mama hakupinga, ila aliuliza kama yale macho nitarudishiwa yale yale.

Mama anaishi kijijini Mella, na Tororo haipendi hata kidogo. Kelele zinamuumiza kichwa, boda zinamtisha, maji yetu anasema yana ladha ya bomba. Lakini kila siku ya soko alikuja, kwa sababu ya sindano. Yeye ndiye anayemalizia gomesi zangu kwa mkono: anakunja pindo, anasimamisha mabega, anatia vifungo. Mkono wake haujawahi kutetemeka. Macho ndiyo yaliyochoka zamani, tundu la sindano halioni. Kwa hiyo alikuja na kipande cha sponji kilichojaa sindano tupu, akanikabidhi, nami nikavua miwani, nikasogeza kila sindano karibu na pua na kutunga uzi: mwekundu, wa kijani, wa dhahabu, kulingana na kazi ya wiki. Bila miwani, karibu na uso, nilikuwa naona kila kitu. Nilimtungia tangu nikiwa mtoto. Mle darasani nilikuwa mzito, nyumbani nilikuwa macho ya mama.

Nikitunga, yeye anakunywa chai na kunisimulia ya Mella: ng'ombe wa nani ameingia mihogo ya nani, nani amejifungua. Tangu mume wangu afariki na watoto waende zao, mazungumzo yangu ni na cherehani. Siku ya soko niliingoja wiki nzima. Hilo sikuwahi kumwambia.

Daktari wa Nairobi alikuwa mpole. Alinieleza kwamba nitaona mbali vizuri, ila kwa umri wangu nitahitaji miwani ya kusoma. Nikaitikia kwa kichwa. Moyoni nilijisemea, kusoma nini? Kitabu changu ni kimoja, cha nyimbo za kanisani, nacho nimekikariri. Hakuniuliza kazi yangu, nami sikuona sababu ya kumweleza. Wakanitia dawa ya ganzi, wakanizuia kope zisifumbe, nikaambiwa nitazame taa. Nikasikia harufu kama nywele zinaungua. Kabla sijamaliza kuogopa, wakaniambia niinuke.

Niliporudi, basi lilipokaribia Tororo, niliona lile jabali linalosimama juu ya mji. Nimeishi chini yake maisha yangu yote, na kwa vile vioo vyangu vya vumbi na mikwaruzo nilidhani juu ni ukungu tu. Kumbe kuna minara, na nyufa kwenye mwamba, na vichaka vimeng'ang'ania humo. Machozi yalinitoka, na si ya dawa. Nilifurahi kweli, ingawa macho yalikuwa makavu kama yana mchanga na mwili wote umechoka na safari.

Siku ya soko mama akaja. Akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku, akasema nimefanana na marehemu shangazi. Kisha akanipa sponji.

Nilichukua sindano ya kwanza nikaisogeza puani kama kawaida. Hakukuwa na tundu. Hakukuwa hata na sindano, kulikuwa na kivuli cha kitu. Nikaisogeza mbali, ikawa sindano, lakini tundu likagoma kuonekana. Nikalamba uzi, nikajaribu tena, nikatoka nje kwenye jua. Mama alikuwa ameweka kikombe chini. Hasira zilinipanda, nikamwambia uzi wa siku hizi ni mbovu.

Akaninyang'anya sindano taratibu.

"Kumbe umenifikia, mwanangu," akasema.

Tulitafuta mchuuzi wa miwani ya kusoma sokoni, zile zilizopangwa kwenye kadibodi. Nilijaribu kadhaa mpaka nikapata moja inayofaa. Mama, kwa utani tu, akanivua akajivika mwenyewe. Akatoa sindano kwenye kifua cha gauni lake, akachukua uzi, akatunga. Akaitazama sana. Akatunga nyingine. Maisha yake yote hakuwahi kuvaa miwani, wala mimi sikuwahi kufikiri kumnunulia, kwa kuwa nilikuwepo.

Aliondoka nayo. Mimi nikajinunulia nyingine, imening'inia shingoni sasa hivi.

Wiki iliyofuata alinipigia simu kwamba nimtumie gomesi kwa kijana wa boda, atazirudisha zikiwa tayari.

"Sasa mimi nakuja Tororo kufanya nini?" akasema. "Sindano natunga mwenyewe." Sauti yake ilikuwa ya furaha, na mimi nikamwambia ni vizuri.

Zinarudi zimeshonwa safi, kila wiki. Kutoka kibandani kwangu naona barabara yote ya kutoka Mella mpaka kwenye kona, naona kila boda, abiria wake na rangi ya nguo aliyovaa. Siku ya soko huwa naacha cherehani na kutazama huko.