Balbu za Wati Mia za Mwalimu Hamisi

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hunirudia kila ukungu wa Juni unaposhuka kutoka mlima Hanang. Huja polepole kama ndoto ya asubuhi, ile ambayo mtu huiota akiwa anasikia majogoo. Kaa nikusimulie, huenda ikakufaa.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na miwili. Baba yangu alikuwa na duka la spea hapa Katesh, kando ya barabara ya Singida, na alikuwa ameanza kuniamini. Akienda Arusha kufuata mzigo, funguo aliniachia mimi. Barazani alikaa Mzee Tluway, fundi umeme wa magari, mtu wa maneno machache, aliyeweza kuutazama waya mmoja kwa muda mrefu kama mtu anayesoma barua ya nyumbani.

Siku hizo kulikuwa na mwalimu mmoja, Hamisi, kijana wa Kigoma aliyepangiwa kufundisha Maretadu. Alikuwa na pikapu kuukuu aliyoachiwa na kaka yake. Nitakwambia kweli, maana umri huu hauna tena cha kuficha: nilimpenda. Yeye hakujua. Akiingia dukani mikono yangu ilisahau kazi, na ile harufu ya mpira na grisi niliisikia tamu kama maua ya maharage.

Alasiri moja alikuja akasema taa za mbele zimefifia, haoni mashimo. Aliomba balbu za kawaida. Lakini kabatini kulikuwa na balbu mpya zilizofika wiki ile, za wati mia, zenye kioo cha rangi ya samawati. Niliinua moja mlangoni, jua likapita ndani yake, kidoa cha buluu kikatua kwenye shati lake jeupe. Nikaona hizi ndizo zinazomfaa mtu kama yeye.

"Lakini zitafaa kwenye gari langu?" akauliza.

Nikatoka kumwuliza Mzee Tluway. Hakuinua kichwa.

"Kuingia zitaingia," alisema. "Hata kiatu cha baba yako, mguu wako unaingia. Ila nyaya za gari lile ni nyembamba, tena zimezeeka. Zitaungua. Mwambie alilete kesho, kwanza nijue kwa nini taa zimefifia."

Nikarudi ndani. Mwalimu alikuwa anangoja, anatabasamu. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nikajikwaa ulimi.

"Fundi amesema zinafaa," nikamwambia.

Alizifunga mwenyewe palepale. Alipowasha, ukuta wa duka la jirani ukawa mweupe kama umepakwa chokaa. Nilicheka kwa furaha. Mzee Tluway alikwisha kwenda msalani kutawadha, hakuona.

Kesho yake shangazi yangu, aliyekuwa na duka dogo Maretadu, alikuwa anarudi kwake, na mimi nilimsindikiza nikakae naye siku chache. Mwalimu akatupa lifti. Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri, shangazi katikati, mimi dirishani. Tulipoipita Basotu ukungu ukatumeza. Miti ikapotea, kisha kingo za barabara, kisha hata boneti. Mwalimu akawasha fuli, zile taa za kuona mbali, na ule mwanga mkali ukagonga ukungu ukaturudia usoni. Tulikuwa kama watu waliotumbukia kwenye maziwa. Nakiri palikuwa na uzuri wake. Nilikaa pale nikijiona niko mahali pasipo na dunia, mimi na yeye, na shangazi akivuta tasbihi yake.

"Punguza, baba," shangazi alisema. "Huoni kitu."

"Shangazi, taa hizi ni kali, ni ukungu tu," Mwalimu akajibu.

Hapo ndipo ilipotokea baiskeli. Mzee mmoja alikuwa ameishika usukani, anaisukuma, nyuma kuna gunia. Hakukimbia wala hakujitupa pembeni. Alisimama tu, uso umeinuliwa, anatutazama. Mwalimu akakanyaga breki, gari likaserereka, mzee akarudi nyuma hatua moja, akaanguka mtaroni na baiskeli yake juu.

Tulipofungua milango tukasikia harufu ya plastiki inayoungua. Taa zikazima zote mbili. Na hapo, mwanangu, katika kile kijivu cha alfajiri, nikaiona barabara vizuri, na mtaro, na maharage yaliyomwagika kwenye majani yenye umande.

"Shikamoo babu, tusamehe," Mwalimu alisema, akimwinua.

"Marahaba." Mkono wake wa kulia ulikuwa umepinda juu ya kiganja. "Nimeona jua linachomoza kusini. Nikasema, ngoja nilitazame."

"Kosa ni langu, babu. Nimefunga balbu kali."

Nilisikia. Nikanyamaza.

Hospitali walisema mfupa umevunjika, wakamfunga plasta ngumu. Jina lake lilikuwa Mzee Akonaay, mkulima wa palepale Maretadu, nyumba ya pili kutoka shule. Wahenga husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakuniambia kwamba mara nyingine kinachovunjika ni cha mtu mwingine, ambaye hakukosa lolote.

Siku tatu nilijifungia kwa shangazi. Siku ya nne jioni nikaenda kwa mzee. Nilidhani nitamkuta na mkewe. Nikamkuta Mwalimu Hamisi uwanjani, amekunja mikono ya shati, anapura maharage kwa fimbo, jasho linamtoka. Ulikuwa msimu wa mavuno, na watoto wa mzee walikuwa mbali. Alikuwa anakuja kila siku baada ya vipindi kulipia kosa lililokuwa langu.

Nikamwamkia mzee na mkewe, kisha nikasema yote, bila kupanga: fundi alikataza, mimi nikageuza maneno yake.

Mwalimu aliweka fimbo chini. Hakunifokea; heri angefoka.

"Ungeniambia kweli ningengoja kesho," alisema. "Kesho haikuwa mbali."

Mzee Akonaay alikuwa kwenye kigoda, mkono umening'inia shingoni.

"Binti, ulitaka huyu aone," alisema. "Si vibaya. Lakini barabara haikuwa yake peke yake. Na mimi nilikuwa nakwenda mnadani." Kisha akanisogezea ile fimbo kwa mguu. "Chukua. Maharage hayajaisha."

Nilipura siku nane. Viganja vilitoka malengelenge, na mkewe akanipaka samli.

Huku nyuma, Mwalimu alipolileta gari hapa Katesh, Mzee Tluway alifungua zile taa. Soketi zilikuwa zimeyeyuka, na bakuli la taa limekuwa la kahawia kama ukoko wa ugali. Akabadilisha. Kisha akafuata ule waya unaofungwa kwenye bodi ya gari, akakuta umeshikwa na kutu, na hiyo kutu ndiyo iliyofifisha taa tangu mwanzo. Akausugua kwa msasa, akaosha vioo, akafunga balbu za kawaida, akaelekeza taa ukutani mpaka mwanga ukalala chini unapotakiwa. Zikawaka vizuri, bila kelele.

"Balbu za kwanza hazikuwa na ugonjwa," alisema, akarudi kwenye mkeka wake.

Niliporudi Katesh, baba nilimweleza mwenyewe. Mwaka uliofuata Mwalimu alihamishwa. Alikuja kuniaga, tukapeana mikono, na lile lililokuwa moyoni sikulisema hata siku hiyo. Mume wangu, Mungu amrehemu, nilimpata baadaye, na kwake sikuanza na uongo. Mkono wa Mzee Akonaay ulipona ukiwa umepinda kidogo. Tukikutana mnadani alikuwa akiuinua huohuo kunisalimu.

Sasa mwanangu, nakuona umenunua gari, na mnauziwa LED za kila rangi. Sikukatazi. Lakini kabla ya kubadili taa, mwulize fundi anayejua, naye akisema subiri, subiri. Osha kioo, kagua nyaya, fuata kipimo cha gari lako. Ukikutana na mwenzako weka dimu, mwanga ulale chini, na kwenye ukungu usishindane na ukungu. Na kama wewe ndiye unayeuza, usimpe mtu neno ambalo fundi hakulisema, hata kama unampenda, na hasa kama unampenda. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, mwenzako asibebe mzigo wako.

Mwenyezi Mungu akulinde uendako, akujalie ulimi wa kweli, na kila utakayepishana naye njiani afike kwao akiwa mzima. Amina.