Mama Milango Anaomba Kupunguziwa

Mtaani kwetu wifi yangu anaitwa Mama Milango, na jina hilo alilipata kabla hajazaa. Kazi yetu ni kununua vitu vya nyumba zinazobomolewa: milango, madirisha, fremu, grili, masinki, hata vitasa. Mtu akitaka kujenga ghorofa mahali palipokuwa na nyumba ya babu yake, sisi tunafika kabla ya nyundo. Yeye ndiye aliyeanza. Aliokota mlango uliotupwa nyuma ya ofisi fulani, akaukwangua rangi, akaupiga msasa na vanishi, akamuuzia fundi aliyeapa kwamba umetoka dukani. Mimi nilimfuata baada ya kuona kuwa anakula vizuri kuliko sisi tulioajiriwa. Kwa milango hiyo amesomesha watoto wake wawili, na wote wako bweni.

Sijaona anayeongea bei kumshinda. Akinunua, anaanza na kasoro: mchwa wameingia, bawaba zimekula kutu, mbao imepinda. Akiuza, kasoro hizo hizo anazitaja moja moja, tena kwa nafasi. Alinifundisha kwamba mteja ukimpa ubaya wote kwa mkupuo, anaondoka. Mpe mmoja, mwache auzoee, wa pili ataumeza mwenyewe.

Mume wake ni kaka yangu, kinyozi, na kibanda chake kimeegemea ukuta wa yadi yetu. Mdomo wa kaka yangu unafanya kazi akiwa na mashine ya kunyolea mkononi. Akifika nyumbani, kimya. Mama yetu anaishi nao, macho yamepungua lakini vidole bado vinaona, na cherehani yake haijawahi kufunikwa mchana.

Mlango wa mbao ngumu haubebwi kichwani. Unaukumbatia, ukingo wake unakukaa kifuani, mnapiga hatua pamoja mpaka kwenye mkokoteni. Kwa hiyo wifi alipoanza kulalamika kifua, hakuna aliyeshtuka. Sote tulikuwa na alama. Ila siku moja tulikuwa stoo tukibadili nguo za vumbi, nikaona chuchu yake ya kulia imeingia ndani kama imevutwa na uzi, na ngozi imefanya vishimo kama ganda la chungwa. Nikamwambia hiyo si ya milango.

Akanicheka. Akafungua na upande wa pili, akachukua mkono wangu akauweka. Huko nako kulikuwa na kitu kigumu kama punje ya hindi lililokauka, lakini kubwa zaidi.

Akaniambia huo ndio ushahidi wake. Ugonjwa, alisema, huchagua upande. Jino huuma upande mmoja, kichomi huchoma upande mmoja, hata kiharusi chenyewe kina adabu, huchukua nusu na kuacha nusu. Kinachouma pande zote mbili ni kazi. Aliyasema hayo kwa sauti ile ile anayotumia kumweleza mteja kwa nini mlango uliopinda ni bora kuliko ulionyooka, na kwa kweli hoja yake ilikuwa imekamilika. Hata mimi sikuona pa kuishika. Nikamwambia tu kwamba twende tukahakikishe ni kazi, halafu turudi tucheke. Alikubali kwa sababu karibu na hospitali kulikuwa na nyumba inayobomolewa, na yeye hapendi safari yenye shughuli moja.

Tulikwenda tukayaona madirisha, tukaenda na kwa daktari. Wakampiga picha, wakambana kwenye mashine, wakachoma sindano kuchukua kinyama cha kupima, kulia na kushoto. Madirisha tukayapata. Majibu yakachelewa.

Daktari aliyetuita kuyasikia alikuwa binti wa umri wa kuwa mdogo wetu wa mwisho. Chumba chake kilikuwa na kitanda cha plastiki nyeusi, pazia lililokosa kulabu, na mlango uliokuwa ukikwaruza sakafu kila unapofunguliwa. Wifi aliutazama mlango ule, akaninong'oneza kwamba bawaba ya juu imelegea. Alikuwa bado ananinong'oneza daktari aliposema ni kansa.

"Upande gani?" wifi akauliza.

"Pande zote mbili, mama."

Daktari alieleza taratibu, bila kutuharakisha. Titi la kushoto halikuambukizwa na la kulia. Kila moja limeota uvimbe wake, na umeonekana wakati mmoja. Hutokea mara chache, lakini hutokea. Kwa jinsi mizizi ilivyotanda, njia salama ni kuyatoa yote mawili, kisha dripu za dawa kali. Wifi alisikiliza huku akiutazama mlango. Kisha akavuta kiti mbele, na mimi nikajua kinachokuja, kwa sababu ndivyo anavyokivuta kwa wenye nyumba.

"Daktari, tuelewane," akasema. "Hili la kulia ndilo baya, lichukue. La kushoto niachie. Likinisumbua nitalileta mwenyewe, hutanifuata."

"Mama, nikikuachia hilo nimekuachia ugonjwa."

"Basi kata kipande. Chukua penye uvimbe tu."

Daktari akasema kama lingekuwa dogo angefanya hivyo bila kuombwa. Wifi akamsifia, akamwambia ana mikono mizuri ya kazi. Akamwuliza kama hakuna mkubwa wake tunayeweza kumwona. Akanyamaza kidogo, kama afanyavyo sokoni ili mwenye mali aogope kuachwa. Binti yule hakuogopa kuachwa. Alisema tu kwamba uamuzi ni wa mgonjwa, akatupa siku ya kurudi, akamwomba aje na mumewe.

Njiani wifi aliniagiza nifunge mdomo. Nyumbani alitangaza titi moja.

Sikumbishia pale pale, kwa kuwa niliielewa hesabu yake: ubaya mmoja kwanza, mwingine baadaye. Kaka yangu alisikiliza, akasema basi litolewe haraka, akarudi kibandani kwake. Mteja aliyekuwa akimsubiri alitaka apunguzwe nywele tu. Aliondoka na kipara na hakudaiwa. Mama akaendelea kushona. Jioni hiyo tuliona sidiria ya wifi haipo kwenye kamba.

Siku zikapita, na kila nilipomwuliza wifi lini ataitaja habari ya pili, alikuwa na jibu. Mume bado hajaizoea ya kwanza. Watoto wana mitihani. Pengine daktari atalegea. Siku ya kurudi hospitali aliivuka akiwa juu ya ngazi, anang'oa fremu. Nikaanza kuona kwamba hakuwa anatuficha sisi ili tuzoee. Alikuwa amejiuzia mwenyewe ile nusu, na bei ilimpendeza.

Aliyeivunja biashara hiyo ni Mama, bila kujua. Alikuwa ameishonea sidiria ile mfuko kwa ndani, akakata kitambaa laini cha duara, akakijaza pamba na punje chache za mchele. Alinieleza kwamba pamba peke yake ni nyepesi, titi linaweza kupanda shingoni mtu akiinama kwenye ndoo, na hapo aibu itakuwa yetu sote. Alicheka sana kwa hilo. Kisha akamwita mkwewe aje apimwe.

Wifi akasimama mbele ya cherehani, Mama akamsogelea na sidiria, pini zikiwa mdomoni. Akalishika titi la kitambaa kwa kiganja, akalipima, akaona limezidi kidogo. Akanyoosha mkono wa pili kulishika la kushoto, ili yafanane.

"Usilifananishe na hilo, Mama," wifi akasema. "Na hilo linaondoka."

Mama akabaki na mkono hewani. Akatoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye kifua cha gauni lake.

"Yote?"

"Yote."

"Mume wako anajua?"

"Anajua moja. Nilitaka azoee kwanza."

"Ugonjwa hauzoeleki nusu, mwanangu," Mama akasema. "Umemficha yeye au umejificha mwenyewe?"

 Mama akageukia mashine, akatafuta kitambaa kile kile kwenye kapu, akaanza kukata duara la pili. Duara halikuwa duara. Nilitaka kumsaidia, akanipiga kikofi mkononi.

Wifi alitoka akavuka uwanja mpaka kibandani. Mimi nikarudi yadini, nyuma ya ukuta wa mabati, nikipanga masinki, na mabati hayafichi neno. Kaka alikuwa peke yake, anafagia nywele. Wifi akakaa kwenye kiti cha wateja, kwa hiyo alichosema alikiambia kioo.

"Nilikwambia moja. Ni yote mawili."

Fagio likasimama. Kaka akamwuliza yeye mwenyewe anataka nini.

"Nataka kubaki na moja."

"Na daktari?"

"Daktari hapunguzi."

"Mimi kuongea bei sijui," kaka akasema. "Ukinituma kitunguu nalipa wanachotaja. Lakini hii mimi ningeilipa yote."

"Si wewe unayelipa."

Kaka akakubali kwamba ni kweli, si yeye. Hapo nilidhani wifi atanyanyuka, lakini sauti yake ilikuja tena, ya chini, nikalazimika kuliacha sinki nililoshika.

"Unajua nyumba inavyokuwa tukishamaliza nayo," alimwambia. "Tumechukua milango, tumechukua madirisha. Inabaki imesimama, matundu matupu, upepo unaingia huku unatokea kule. Mimi ndiye ninayeziacha hivyo. Huwa sigeuki kuzitazama."

 Nilisikia fagio likianguka, kisha kiti cha wateja kikilia, kama kaka anakishusha chini ili amfikie.

Wifi hakunieleza aliamuaje. Asubuhi aliniambia yadi itafungwa Jumatatu. Nikamwuliza daktari anachukua lipi. Akasema yote, na kwamba kama ni yote basi yatolewe kwa mkupuo mmoja, yeye hawezi kuja mara mbili kwa kazi moja. Tulipofika hospitali akalitaja sharti hilo, na daktari, ambaye ndivyo alivyokuwa amepanga tangu mwanzo, akamkubalia kwa uso mkavu kabisa. Wifi alitoka mle chumbani akitembea kama mtu aliyepunguziwa. Nilimwacha afurahie.

Alipozinduka wodini, kaka yangu alikuwa amekwenda kutafuta maji, nikawa mimi pale. Alitoa mkono chini ya shuka, akaupitisha juu ya bandeji taratibu, toka bega hili mpaka lile, kama tunavyopitisha kiganja juu ya mbao kutafuta palipobaki mkwaruzo. Hapakuwa na mwinuko. Akageuza uso ukutani. Nesi alipita akamwuliza kama anasikia maumivu, akasema hapana. Nami nilikuwa na maneno mengi ya kumtia moyo, nimeyabeba toka nyumbani. Nikayaona yote ni vanishi, nikayaacha.

Kisha tukaambiwa kwapani, upande wa kushoto, ugonjwa ulikuwa umeshafika. Upande ule ule aliokuwa akiuombea. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha. Dripu zikaanza, na kaka hakusubiri nywele zianguke: alimkalisha kibandani mchana kweupe, akamnyoa yeye mwenyewe, akimhadithia umbea wa mtaa mzima kama mteja yeyote. Matiti ya kitambaa aliyoshona Mama aliyavaa mwanzo. Baadaye kovu likawa halistahimili mguso, akayaweka kabatini, na Mama akajifanya hakuona.

Sasa mlango hawezi kuunyanyua. Anakaa kwenye kiti mlangoni mwa yadi, amevaa shati la mumewe, mabega yameshuka, kichwa kitupu kinang'aa. Mimi nabeba, yeye anauza.

Juzi alikuja kijana mmoja, anajenga chumba chake cha kwanza. Akainama kwa heshima mbele ya kiti.

"Shikamoo, baba."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Wifi akaninyanyulia kidole.

"Marahaba," akamjibu. "Unatafuta nini, mwanangu?"

Kijana akataka mlango. Wifi akamtajia bei, akamtajia kasoro ya kwanza, akanyamaza, akamtajia ya pili. Sauti yenyewe imekauka kwa dawa, haikumsaliti. Kijana alibisha kidogo kwa adabu, akalipa, akaubeba mlango na mwenzake. Akaaga, "Asante sana, baba."

Alipopotea kwenye kona wifi akaniambia, "Angejua ni mama angenikalia hapa mpaka jioni anataka kupunguziwa. Wanaume wana raha zao."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu. Nikamwuliza mbona hakumsahihisha, mtoto mwenyewe mpole, angeomba radhi tu.

Wifi akaliangalia shati lile, vifungo vikishuka vimenyooka mpaka tumboni.

"Ningemwonyesha nini, wifi?"

Jua lilikuwa limeanza kumfika. Nikamsogeza na kiti chake mpaka kivulini, naye akaniacha nimsogeze.