Mwendo wa Paskalina

Sefania wa Mgwashi alikuwa na Landrova kuukuu yenye injini ya lori. Injini hiyo aliikuta kwenye gari bovu kule Mombo, akaichonga huku na kule, akaibembeleza mpaka ikakaa. Tangu hapo, ukimpa shikamoo, kabla hujamaliza ameshakwambia kuwa gari lake linakwenda maili sitini. Wala hakuwa mwongo. Sindano ya spidi ilifika sitini kweli, ila gari likiwa tupu na barabara kavu.

Kijiji cha ujamaa kilipotafuta gari la kupeleka kabichi Soni, Sefania aliitaka kazi ile mno. Akiikosa, Landrova ingebaki uani, na mkewe Dorkasi alikuwa amekwisha mwambia kuku wanaisubiri. Alipoanza kumtajia mwenyekiti, Mzee Rubeni, zile sitini zake, mzee alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema watalijaribu mvua ikinyesha, likiwa na mzigo.

Siku ya mvua yenyewe matenga ya kabichi yalijaa mpaka juu. Kwenye mlima wa kwanza utelezi ulikuwa kama sabuni. Sefania akakanyaga mafuta, injini ikanguruma, sindano ikapanda hadi arobaini. Pembeni yake, peku, kanga imefungwa kiunoni, alitembea Paskalina, dada yake Dorkasi, aliyetumwa na kina mama kuulinda mzigo. Alitembea wala hakuachwa.

Akainama dirishani. "Shemeji, sindano inasema ngapi?"

"Arobaini."

"Kumbe nami naenda arobaini. Na sijaanza hata kuhema."

Kina mama waliokuwa wakifuata nyuma kwa miguu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Sefania hakucheka. Aliyaona magurudumu yakizunguka bure na tope likiruka, akaiona kazi ikimponyoka.

"Punguza," Paskalina akasema, sasa kwa upole. "Twende wote."

Ilimuuma, lakini aliinua mguu. Sindano ikaanguka, ikalala karibu na sufuri. Magurudumu yakashika ardhi, na Landrova ikaanza kupanda taratibu, kabichi zimetulia, Paskalina pembeni akimsimulia habari za harusi ya Magamba. Hakuna aliyesukuma.

Walipofika Soni, Mzee Rubeni, aliyekuwa akiwangoja huko, aliyafunua matenga, akakuta kabichi hazijachubuka. Kazi akampa.

Kwa miaka mingi Sefania aliifanya kazi hiyo. Abiria mgeni akimuuliza gari linakimbia kiasi gani, hakutaja tena sitini.

"Likiwa na mzigo," alijibu, "mwendo wa Paskalina."