Bibi Mwenye Minazi Kiwanjani Kwangu

Mke wangu hataki niandike haya, lakini mtu aliyerudi Pangani na diploma ya ujenzi ya Uingereza, kwa jasho lake mwenyewe, haogopi kuchekwa.

Kibali changu cha kujenga ufukweni kilikataliwa, nikakata rufaa. Kiwanja kilikuwa changu, ila minazi iliyomo ilikuwa ya bibi mmoja, naye hakutaka ikatwe. Siku ya kusikilizwa watu walijaa. Nikasimama na tai yangu.

"Bwana Mwenyekiti, bibi huyu hajui ramani wala maendeleo. Na minazi yake imezeeka kama yeye!"

Watu wakacheka. Nikanogewa.

"Nyumba yenyewe ni ya harusi. Namwoa Mwanaidi binti Salimu, wa Mkwaja."

Kicheko kikakatika. Posa walipeleka ami zangu, kwa jina langu la nyumbani. Rufaa niliiandika kwa jina la kwenye diploma. Ukweni sikuwahi kukanyaga.

Yule bibi akainuka, akajitanda buibui lake vizuri.

"Bwana Mwenyekiti, minazi naiachia, ikatwe. Mwanangu Mwanaidi apate pa kukaa." Kisha akanigeukia. "Pingamizi nililobaki nalo ni juu ya bwana harusi."